Njia ya Sisimizi Nyuma ya Bafu

Nyumba yetu ya Kendu Bay ilinuka mafuta ya taa hata mchana, wakati taa zote zilikuwa zimezimwa na kupangwa dirishani. Harufu ilitoka chini. Kabati la vyombo lilisimama kila mguu wake ndani ya mkebe wa maji, na juu ya maji hayo Mama alimwaga mafuta ya taa kidogo, yakaelea na kung'aa rangirangi kama ubavu wa samaki. Meza ya jikoni nayo ilivikwa mikebe. Sukari ilikaa katika bakuli lenye kifuniko, na bakuli likakaa katikati ya sinia la maji. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani tunatega kitu. Tulikuwa tunajikinga na sisimizi. Nyumba ile ilikuwa karibu na ziwa, juu ya udongo mweusi unaopasuka jua likikaza, na kila kiangazi, nyasi zilipokauka, sisimizi waliingia ndani kutafuta maji na chakula. Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, kifungua mimba wa nyumba hiyo, na kiangazi kile kilikuwa kirefu hata wazee wa kanisa wakaanza kukitaja katika maombi ya Sabato.

Mama hakuwaita wote kwa jina moja. Walikuwapo wale weusi wadogo sana, ambao ukimfinya mmoja kati ya vidole unasikia harufu ya siagi iliyochacha. Hao walipenda sukari, uji wa mtoto na ndizi iliyoiva. Walikuwapo wekundu, wadogo kama punje ya wimbi, ambao hawakujali sukari ila walijua mahali omena, dagaa wa ziwani, walipowekwa na mahali sufuria ya nyama ilipofunikwa vibaya. Weusi wakubwa wenye miguu mirefu, waliokimbia huku na huku bila mstari, hao aliwafagia tu nje. Alisema ni wapita njia waliopotea, kwao ni uani. Mchwa hakuwatia kabisa katika ukoo huo, maana mchwa hali chakula chako, anakula nyumba yenyewe. Na siafu hawakuwa wa kupigana nao. Walipokuja wakati wa mvua tulimtoa mtoto, tukawatoa kuku, tukasimama nje na kuwaachia nyumba, na walipoondoka hapakubaki mende wala panya. Kwa wale wadogo wa ndani, sheria ya Mama ilikuwa kwamba usiue mstari. Watoto wa jirani walipiga mstari kwa kandambili, na muda si muda mstari mwingine ukapita palepale juu ya maiti. Mimi nilitumwa kuwafuata wale waliobeba chakula, kwa sababu, Mama alisema, mwenye mzigo ndiye anayekwenda nyumbani. Nilitambaa kwa magoti hadi nikaona ufa walimopotelea. Hapo ndipo alipomwaga maji ya moto, akashindilia majivu, kisha akairudia njia yao yote kwa kitambaa cha sabuni, maana wao huisoma njia kwa pua. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mama alisema fuata sisimizi upate kulala.

Kuziba ufa ilikuwa kazi ya Baba. Alikuwa mwashi, na nyumba ile aliijenga mwenyewe kabla sijazaliwa, akalaza sakafu ya saruji ambayo aliiona aibu yake kila ilipopasuka. Alifanya kazi Migori, akijengea wafanyabiashara maduka, na mara nyingine alikwenda hadi Isebania, mpakani, ambako watu walijenga haraka na kulipa vizuri. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, na kabla ya kunywa chai aliuliza, "Wamepita wapi safari hii?" Nilimwonyesha. Alikoroga saruji kidogo kwenye kifuniko cha mkebe, akaipaka kwa kidole gumba, akakaa akiitazama ikikauka. Alikuwa mtu mkubwa. Watu walisimulia kwamba alipanda ngazi na mfuko mzima wa saruji begani huku akipiga mluzi. Mikono yake ilikuwa na magamba kama gome, na aliponishika kichwa nilihisi kama nimevishwa kofia nzito.

Mwaka ule alikuja nyumbani baada ya Krismasi na hakurudi kazini. Mwanzoni alisema anapumzika. Lakini tuliona shati likimning'inia na mshipi ukitobolewa tundu jingine, na jingine tena. Macho yake yalififia. Alishika Biblia karibu na pua kisha akaiweka chini kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Kidonda kidogo mguuni, alichokipata kwa msumari, kilikataa kupona. Na alikunywa maji. Sijaona mtu akinywa maji namna ile, si kabla wala baada. Alikunywa kata kwa kata, akapumua, akanywa tena, kisha akatoka kwenda bafuni, akarudi, akauliza kama kuna maji mtungini. Usiku alitumia mkebe uliowekwa karibu na kitanda, na alfajiri Mama aliubeba chini ya khanga na kuumwaga nyuma ya bafu la mabati, kwenye migomba.

Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Kwetu kila kijiji kilikuwa na makaburi mapya, mengine yakiwa mume na mke kando kwa kando, na ugonjwa wenyewe ulitajwa kwa kuzungukwa. Kwa Kidholuo waliuita ayaki, na hata jina hilo lilinong'onwa. Baba alikuwa mtu wa mjini, tena aliyelala Isebania wiki nzima mbali na mkewe. Watu walijumlisha wenyewe. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wanawake waliokuwa wakipita kwetu kuomba chumvi wakaanza kuomba kwingine. Siku ya Sabato tulipoketi kanisani, benchi letu lilikuwa na nafasi pande zote mbili, na dada yangu mdogo, asiyejua lolote, akalala kwa raha kwenye nafasi hiyo.

Aliyeumiza zaidi alikuwa baba mdogo Otieno. Alikuwa ndugu wa pekee wa Baba, mshona nyavu, kijana mcheshi ambaye kicheko chake kilitangulia kufika kabla yake mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa boma letu. Mkewe alifariki mwaka uliotangulia, kwa kifua, ndivyo tulivyoambiwa, na tangu hapo alikula kwetu kila jioni. Mara Baba alipoanza kukonda, baba mdogo akaanza kuja na kikombe chake mwenyewe. Kilikuwa kikombe cha bati chenye ua la bluu. Alikipeleka kwake kila alipomaliza chai, akakiosha mwenyewe. Baada ya muda akaacha kabisa kuingia ndani. Alisimama mlangoni akauliza hali, akaondoka. Baba aliona. Jioni moja nilimwona akitazama kigoda ambacho nduguye alizoea kukalia, kisha akamwambia Mama akitoe nje kikaliwe na watoto.

Otieno alisema ni chira, yaani maradhi yampatayo aliyevunja mwiko wa jamii. Alisimama uani akazungumza na Mama kwa upole. "Shemeji, nyumba hii ilijengwa kabla mzee wetu aliyetuzaa hajapewa heshima zake za mila. Tumtafute mtu wa manyasi, ndugu yangu anywe, yaishe." Manyasi ni dawa ya mitishamba ya kuondoa chira, na kanisa letu lilikuwa limeikataza. Dani, bibi yetu mzaa baba, alikuwa ameketi akichambua mboga, na alitikisa kichwa kukubaliana. Mama alijibu kwamba yeye hakatai dawa ya mtu yeyote, ila kwanza anataka mumewe apelekwe hospitali. Lakini Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa amekataa.

Kukataa kwake nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikipukuchua mahindi, na dirisha la chumba chao lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. "Nikienda watanipima," Baba alisema. "Wakipima wataandika. Mtu akishaandikwa, wanawe wanaandikwa naye. Nani atamposa Akinyi?" Akinyi ndiye mimi. Nilisimamisha mikono. Mama akasema, "Wuon Akinyi, baba wa mtoto wangu, kama ni ule ugonjwa, basi tunao wawili. Tutaujua pamoja." Nilisubiri jibu la Baba. Lililokuja ni sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Alikuwa akilia kama mtu anayejaribu kukohoa. Niliendelea kupukuchua kwa nguvu ili wadhani sipo karibu kiasi cha kusikia. Mficha maradhi, kilio humfichua, nao msemo huo niliukuta baadaye katika kitabu cha shule, nikakifunga.

Katika siku hizohizo sisimizi walizidi. Wale weusi wadogo walitokea mstari mzito, mpana kama utepe wa nywele, ukipita ukutani nje, ukiingia kwa dirisha la chumba cha wazazi wangu. Mama alidhani kuna ndizi iliyoanguka nyuma ya kitanda. Akanituma nifuate. Niliingia Baba akiwa ameketi uani juani, nikainama. Mstari haukwenda mezani, wala kwenye kikapu cha nguo, wala palipokuwa na glasi ya uji. Ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkebe wa Baba wa usiku, ambao Mama alikuwa ameusuuza na kuuinamisha ukauke. Sisimizi walijaa kwenye ukingo wake, weusi tititi, vichwa chini, wametulia kama ng'ombe kwenye birika. Nilimwita Mama. Alitazama, akaona haya mbele yangu, akauchukua mkebe na kuuosha kwa sabuni na majivu. Kesho yake walirudi palepale.

Dani aliposikia alifunika mdomo kwa kiganja. Alisema sisimizi humjua mtu kabla ya watu, kwamba wakianza kumkusanyikia mgonjwa, basi ardhi imeanza kumwita. Alikuwa amezika watoto wengi, Dani, na sidhani alisema hivyo kwa ukatili, alikuwa akijiandaa. Lakini neno lilitoka uani likafika kisimani, na siku mbili tatu baadaye mzee mmoja wa kanisa alikuja na Biblia kumwombea Baba maombi ambayo hata mimi nilijua ni ya kumuaga. Baba aliyasikiliza hadi mwisho, akasema amina, akaomba maji.

Mama hakulia wala hakubishana na Dani. Alifanya lile alilolijua: alifuata. Asubuhi alinichukua nyuma ya bafu, chini ya migomba, mahali alipomwaga mkebe kila alfajiri. Udongo pale ulikuwa unatembea. Sisimizi walikuja kutoka pande zote, mistari juu ya mistari, wakazunguka doa la unyevu wakilinywa. Hatua chache kando ya hapo ndipo mimi na mdogo wangu tulipozoea kujisaidia haja ndogo tulipoona uvivu wa kwenda chooni, na Mama alijua hivyo siku zote, ingawa alitugombeza. Pale palikuwa na unyevu vilevile. Hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Mama alichuchumaa kati ya madoa hayo mawili, akatazama huku, akatazama huku. "Hawa ni wale wa sukari," alisema, kama anazungumza na nafsi yake. "Wekundu hawapo. Wakubwa hawapo. Ni wale wa sukari tu. Sasa wamepata wapi sukari hapa?"

Jibu lilikuja na dada yake, mama mkubwa Auma, aliyefika kutoka Migori kumtazama mgonjwa, akiwa amebeba kuku na chane ya ndizi. Alipoingia alimkumbatia Baba, akanywa chai kwa kikombe cha kwanza alichokiona, na Mama alimshukuru kwa macho. Baadaye jikoni, Mama alimsimulia yote, na alipofika kwenye sisimizi mama mkubwa aliweka kikombe chini. Alisema kanisani kwao Migori kulikuwa na dereva wa lori aliyekonda hivyohivyo, akanywa maji hivyohivyo, na watu wakamkimbia hivyohivyo, mpaka ilipojulikana kwamba ni ugonjwa wa sukari, sukari iliyokuwa ikimtoka mwilini bila kumlisha. Mkewe alikuwa akilalamika tu kwamba choo chao kinajaa sisimizi. "Sijui kama ni huo," alisema. "Mimi si daktari. Lakini, ndugu yangu, ukiwa ni huo ukamwacha afe kwa aibu ya ugonjwa mwingine, utajisamehe?"

Mama hakungoja. Kesho yake jua lilikuwa bado halijawa kali alipokwenda uani, akamshika Baba mkono, akamwambia kuna kitu anataka akione. Nilifuata nyuma. Baba alitembea kama mzee, akishika ukuta alioujenga mwenyewe. Walipofika kwenye migomba Mama alimwonyesha lile doa, kisha lile la watoto. Baba alichuchumaa kwa shida, akainamisha uso karibu kabisa kwa sababu ya macho yake.

"Wanakunywa nini?" aliuliza.

"Wanakuja kwako," Mama alisema. "Kwa watoto hawaji. Kwangu hawaji. Hata ule ugonjwa mnaouogopa, sijasikia mtu akisema unaleta sisimizi. Twende tukaulize hili tu. Tuulize sisimizi tu."

Baba aliendelea kuwatazama sisimizi. Naamini alikuwa akipima maneno hayo kama alivyopima ukuta, akitafuta kama yamesimama wima. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe. "Nitafutie shati safi," alisema.

Walimpeleka Homa Bay kwa gari la jirani lililokuwa likienda kuchukua samaki, nami nikachukuliwa ili nibebe maji yake ya kunywa, maana hakuweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Hospitalini alilala benchini akipumua kwa nguvu, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyochacha. Muuguzi aliyetufikia alikuwa mwanamke mwenye uso uliochoka. Siku nzima alikuwa ameona watu waliokonda. Alianza kuuliza maswali ya kawaida, na Mama, aliyekuwa ameona haya hata mbele yangu, akamweleza habari za sisimizi kuanzia mwanzo, kwa sauti ya wazi, watu wote wa benchi wakisikia. Muuguzi aliacha kuandika. Alitazama maji niliyobeba, akamtazama Baba midomo, akaenda kumwita daktari kwa haraka. Walichukua mkojo kidogo, wakautia katika dawa ya maji ya bluu ndani ya kichupa, wakapasha moto. Niliona kupitia mlango uliokuwa wazi. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha ikaiva na kuwa nyekundu ya kahawia. Muuguzi alikuja na kichupa kile mkononi akakionyesha kwa Mama, kama anayemwonyesha mtu mtoto wake aliyezaliwa. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, na hakumaliza.

Walimpima na ule mwingine pia, kwa kuwa Baba mwenyewe aliwaambia wapime. Alisema amechoka kuogopa. Hakuwa nao. Mama alipoambiwa alikwenda nje, akaketi kwenye ngazi, akaweka kichwa magotini, sikumwendea. Baba alilazwa hadi mvua za masika zikaanza, na alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, mwembamba bado, akiwa na sindano na chupa ndogo ya dawa ambayo haikupaswa kupata joto. Hatukuwa na friji wala umeme. Mama alinunua mtungi mpya, akaujaza mchanga na maji, akaizika chupa ndani yake kwenye kona yenye kivuli, na mtungi huo tukakatazwa kuukaribia kuliko tulivyokatazwa moto. Nyuma ya bafu, sisimizi walipungua kidogo kidogo. Mama alikwenda kuwatazama kila asubuhi. Siku walipoonekana wengi alijua sukari imepanda, akampunguzia uji. Siku walipokosekana aliimba akiwasha moto. Hatukuwa na kipimo kingine nyumbani.

Watu walirudi. Wanawake walikuja tena kuomba chumvi, na mzee wa kanisa alitoa ushuhuda mbele ya waumini kwamba maombi yake yalijibiwa. Baba alicheka kwa hilo, kicheko cha zamani. Lakini baba mdogo Otieno hakurudi. Alimsalimia Baba kwa mbali, akiinua mkono, akaingia kwake na kufunga mlango. Tulidhani ni aibu, na Mama alisema tumpe muda. Mvua zilipokatika tukasikia akikohoa. Wakati mahindi yalipokuwa yakivunwa hakuweza tena kushona wavu. Vidole vyake vilitetemeka na sindano ya nyavu ikamponyoka. Hapo hata mimi nilielewa mkewe alikufa kwa nini.

Baba alivuka uwanja. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu wote tulisimama kumtazama, Dani akiwa mlangoni kwake, Mama jikoni, mimi na ufagio mkononi. Alikwenda na fimbo, akagonga, hakujibiwa, akaingia. Baadaye aliniita nilete chai. Nilileta birika na vikombe viwili, nikamkuta baba mdogo amelala kwenye kitanda cha kamba, mashavu yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa. Mstari wa sisimizi wekundu, wale wa nyama na mafuta, ulipanda mguu wa kitanda kuelekea kwenye vidonda vya miguu yake, naye hakuwa na nguvu ya kuwafuta. Baba alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa vidole vyake vya magamba.

Baba alimimina chai, akamshikia nduguye kikombe, akamnywesha. Alipobakiza nusu, Baba akainywa yeye.

"Usifanye hivyo," baba mdogo alisema. Akageuza uso ukutani. "Kaka, mimi sikukukimbia kwa kukuchukia. Nilikutazama ukikonda nikajiona mwenyewe. Nilidhani nikikaa mbali nawe, nitakaa mbali na ugonjwa ule."

"Najua," Baba alisema. "Hata mimi nilifunga macho. Kunywa."

Kisha akanituma kwa Mama nikachukue mikebe. Tuliivua ile ya kabati la vyombo na ile ya meza, mimi na Mama, tukaipeleka kwa baba mdogo na chupa ya mafuta ya taa. Baba na Mama waliinua kitanda upande mmoja kisha wa pili, naye akiwa juu yake, mwepesi kama mtoto, nami nikasukuma mikebe chini ya miguu. Baba akakoroga saruji, akaziba nyufa zote za chumba kile, akipaka kwa kidole gumba. Kabati letu likaingiliwa na sisimizi tangu siku hiyo na hakuna aliyelalamika. Dani alihamia pale kumtunza mwanawe. Baba alikwenda kila siku, akamwosha, akamnyoa, akamsomea, kwa maana macho yake yalikuwa yamepata nafuu. Tulisikia mara nyingine kicheko cha Otieno kikivuka uwanja, kimekuwa chembamba, lakini ni kilekile. Alifariki asubuhi moja kabla ya mvua za vuli, akiwa ameegemea kifua cha kaka yake. Mwili wake ulikuwa safi. Wanawake waliokuja kumwandaa walilisema jambo hilo, na Mama alipolisikia aliitikia kwa kichwa tu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alirudi Migori, akajenga tena, ingawa hakupanda ngazi, na mguu mmoja alikatwa kabla ya kufa. Mama bado yupo Kendu Bay. Mimi naishi Migori, ambako nina duka la vitambaa na nyumba yenye sakafu ya vigae isiyo na ufa. Sisimizi wakija, binti yangu huchukua kopo la dawa akawapulizia, wakafa mstari mzima kwa pamoja, na hakuna anayeuliza wamefuata nini. Simlaumu. Sukari sasa hupimwa kwa tone la damu kidoleni, na ugonjwa ule ambao Baba aliogopa kuandikwa hupimwa katika chumba kilekile, watu wakingoja pamoja na kuzungumzia bei ya mahindi. Jirani yangu, mama mmoja wa Kikuria, aliniambia mwenyewe, kila mmoja wetu akiwa upande wake wa ua, kwamba anao, tangu kifungua mimba wake alipozaliwa. Humeza kidonge chake kila jioni, kisha anakwenda kukamua ng'ombe. Anajenga nyumba ya matofali. Anagombana na wakwe zake. Juzi ameozesha binti.

Huwa namtazama akipita na ndoo yake, nikajaribu kumwona Otieno akiwa na umri huo, mvi kichwani, wajukuu wakimpanda mgongoni, na nashindwa. Sura yake haikubali kuzeeka. Alikuwa kijana, ndivyo ninavyoelewa sasa, kijana mdogo tu, aliyebakiwa na hofu peke yake katika nyumba ya mkewe aliyekufa. Nimempita umri kwa miaka mingi, na bado, nikimtaja mbele ya wanangu, namwita baba mdogo.